Maswali ya Wasomaji: Kununua na Kuuza Amplifaya Kubwa za Zamani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu amplifaya za stirio zenye nguvu kubwa, zile nzito zilizotengenezwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi miaka ya 1980. Mafundi wa safu hii wamezijibu. Msimamo wao unajirudia katika barua karibu zote: bei ya mashine ya umri huu ipimwe kwa vitu visivyopatikana tena, yaani transfoma, transista za aina adimu na bamba la mbele. Mengine yote ni matengenezo.

Wati zipi niamini?

*Wakuu, nimeonyeshwa risiva ya Pioneer SX-1980. Muuzaji anasema ina wati 540, jirani yangu anasema 270, na kibao cha nyuma kina namba nyingine kabisa. Nimwamini nani?*

Jirani ndiye anayezungumza lugha inayotakiwa. SX-1980, risiva (yaani amplifaya yenye redio ndani yake) iliyotoka mwaka 1978, ilitangazwa kwa wati 270 kwa kila chaneli kwenye spika za omu 8. Muuzaji amejumlisha chaneli mbili. Namba ya kibao cha nyuma ni umeme ambao mashine inavuta ukutani, haihusiani moja kwa moja na kinachofika kwenye spika.

Mwaka wa kuukumbuka ni 1974. Kabla ya hapo kila kampuni ilipima ilivyopenda: wengine walitaja nguvu ya kishindo cha muda mfupi, wengine walipima chaneli moja huku nyingine imelala. Mwaka huo Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilianza kudai kwamba tangazo litaje nguvu ya mfululizo, chaneli zote mbili zikifanya kazi pamoja, omu za mzigo, masafa na kiwango cha upotofu wa sauti. Tena mashine iendeshwe kwanza saa nzima kwa theluthi ya nguvu yake. Theluthi hiyo ndiyo iliyouma. Amplifaya ya daraja AB, muundo wa nyingi za mashine hizi, hutoa joto jingi zaidi ikiwa katikati namna hiyo kuliko ikiwa kwenye nguvu kamili, kwa hiyo iliyofaulu ilibidi iwe na mapezi makubwa ya kupoza. Ukikuta karatasi ya mauzo inayosema "wati 125 kwa chaneli, omu 8, hezi 20 hadi 20,000, chaneli zote", hiyo ni namba ya kufanyia kazi. Ikisema tu "wati 400 za muziki", iweke pembeni.

Usilipe ziada kubwa kwa tofauti ndogo ya wati. Nguvu ikiongezeka mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Kati ya wati 200 na 270 tofauti ni desibeli 1.3, na sikio la kawaida hulitambua hilo kwa shida. Tofauti ya hali ya mashine mbili utaisikia siku ya kwanza.

Nusu saa nyumbani kwa muuzaji

*Habari za kazi mafundi. Kesho kutwa naenda kuona amplifaya ya wati 200 kwa chaneli. Muuzaji amenikubalia nifungue kifuniko. Nibebe nini, nianze wapi?*

Beba multimita, bisibisi ya nyota, tochi, spika ndogo ya kuukuu ambayo haitakuuma ikiungua, na waya wa kutoka kwenye simu hadi jeki za RCA. Ongeza kifaa kimoja unachoweza kujitengenezea: soketi ambayo waya wake wa moto umepitishwa kwanza kwenye balbu ya wati 100, mfululizo. Balbu iwe ya nyuzi, ile inayochoma mkono. Ya LED haifai kabisa, kwa sababu tunachotafuta ni uzi unaoongeza ukinzani kadiri unavyopata moto.

Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukiikuta tayari ya moto, subiri ipoe, hata ikichukua saa nzima. Hitilafu nyingi za mashine hizi hujionyesha katika dakika tano za kwanza tu, halafu zinajificha.

Anza ikiwa imechomolewa ukutani. Tazama fyuzi kabla ya kitu kingine. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye fyuzi na ile iliyochapwa karibu na kishikizi chake. Kama mashine inadai ampea 5 na umekuta 15, au fyuzi imezungushiwa karatasi ya fedha, kuna aliyekuwa anapambana na shoti akashindwa. Kisha sogeza pua karibu na transfoma: vanishi iliyoungua ina harufu kali, chungu, ambayo haiishi hata baada ya miaka. Angalia kofia za kapasita kubwa kama zimevimba, na sehemu ya chini kama kuna majimaji yaliyokauka. Vichwa vya skrubu vilivyoliwa vinakueleza ni mara ngapi mashine imefunguliwa na kwa haraka kiasi gani.

Kwenye mashine za Kijapani tafuta gundi. Viwandani walibandika kapasita ubaoni kwa gundi ya rangi ya krimu. Ikizeeka kwenye joto inakuwa kahawia iliyokolea, ngumu kama kaukau, na hapo huanza kula miguu ya diodi na rezista zilizo karibu, hata kupitisha umeme pasipotakiwa. Chukua bisibisi nyembamba uiguse polepole pembeni. Ikibanduka kama ganda na chini yake shaba imegeuka kijani, hesabu kazi ya siku nzima ya kukwangua na kubadilisha vipande. Mashine haijafa. Bei tu ndiyo inayoshuka.

Sasa iwashe kupitia balbu, spika zikiwa hazijafungwa. Balbu itang'aa sana kwa sekunde moja au mbili wakati kapasita zinajaa, kisha ififie. Ikibaki inang'aa, zima. Kuna shoti ndani, na balbu imeokoa kilichobaki. Usishtuke kama relei ya spika (swichi ya umeme inayounganisha spika mashine ikishatulia) haikulia wakati huu, maana volti zinazopita kwenye balbu huenda hazitoshi. Ikiwa balbu imefifia vizuri, toa balbu, chomeka moja kwa moja. Relei nyingi hulia kati ya sekunde 3 na 8.

Weka multimita kwenye volti za DC (umeme usiogeuka mwelekeo, ambao hautakiwi kufika kwenye spika), kipimo kidogo, upime sehemu za kufungia spika, chaneli moja moja. Chini ya milivolti 50 ni nzuri. Kati ya 50 na 100 inavumilika na mara nyingi hurekebishika. Zaidi ya hapo kuna kazi, na uandike namba hiyo kwa ajili ya mazungumzo ya bei. Iache mashine iwake dakika 20, pima tena, kisha weka kiganja juu ya mapezi ya kila upande. Joto liwe sawa. Upande mmoja ukiwa vuguvugu na mwingine haushikiki, bayasi (mkondo mdogo unaopita kwenye transista hata bila muziki) imepotea, na upande wa moto uko njiani kuungua.

Hapo ndipo ufunge spika ya kuukuu. Volyumu ikiwa sifuri, mngurumo usisikike ukiwa umbali wa hatua mbili. Zungusha kila kitufe na ubonyeze kila swichi huku muziki ukicheza. Mikwaruzo ya volyumu husafishika kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, isikutishe. Chaneli inayokatika unapogusa swichi nayo mara nyingi ni uchafu. Ila sauti inayopasuka-pasuka yenyewe, kama chumvi kwenye moto, hiyo ni transista ya hatua za mwanzo inayoharibika. 2SA726 ni maarufu kwa tabia hiyo.

Chaneli moja inapotea, nikipandisha sauti inarudi

*Ni transista?*

Ni relei ya spika. Nyuso za viungo vyake zimeota ukungu wa kutu, mkondo mdogo unashindwa kupenya, mkubwa unapenya. Badilisha relei nzima kwa yenye volti sawa za koili na ampea zisizopungua. Kuikwangua kwa msasa kunaondoa lile tabaka jembamba la madini, na baada ya miezi michache tatizo linarudi likiwa baya zaidi.

Mashine ya volti 100, ukutani 230

*Nimepata amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani. Muuzaji ananiambia ninunue transfoma ya kushusha na mambo yamekwisha. Ni kweli?*

Karibu. Kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni ukubwa. Mashine ya wati 200 kwa chaneli ikifanya kazi kwa nguvu inaweza kuvuta karibu VA 1,000 (volti mara ampea), kwa hiyo transfoma ya kushusha iwe ya VA 1,000 hadi 1,500. Zile ndogo za kuchajia vyombo vidogo zitayeyuka.

Wa pili ni volti halisi. Transfoma nyingi za kushusha hutoa 110 au 115, si 100. Kwenye mashine ya 100, volti 115 ni ziada ya asilimia 15, na ziada hiyo inaingia mpaka ndani kabisa: reli (njia ya umeme wa ndani unaolisha transista) ya volti 70 inakuwa 80. Kama kapasita zake zimeandikwa volti 75, umeshavuka mpaka. Dai inayotoa 100, na uipime kwa mita kabla hujachomeka chochote.

Wa tatu ni masafa ya umeme. Japani yenyewe ina hezi 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi, hivyo transfoma zake hutengenezwa kwa yote mawili. Mashine iliyotengenezwa kwa Marekani peke yake inaweza kuwa ya hezi 60 tu. Ukiiweka kwenye 50, chuma cha transfoma kinajaa sumaku mapema, kinavuma na kupata joto hata kama volti ni sahihi. Soma kibao cha nyuma: "50/60" ni salama, "60" pekee ni onyo.

Kama ina kiteua volti nyuma, usiamini mshale. Mtu anaweza kuwa amebadilisha waya ndani akaacha mshale ulipo. Ichomeke kwa balbu kwanza. Na ukihamisha kutoka 120 kwenda 240, fyuzi nayo ipungue nusu: ya ampea 8 iwe ya 4. Wengi husahau hili, na fyuzi iliyo kubwa mara mbili hailindi kitu.

Chaneli moja imekufa, bei imeshuka nusu

*Naona kama ni bahati. Ninajua kulehemu kidogo. Ninunue?*

Uliza kwanza transista zake za mwisho, zile zinazosukuma spika, ni za aina gani, kabla hujauliza bei.

Kama ni za kawaida za kofia ya chuma zenye miguu miwili, tatizo linatibika. Mbadala unaofaa mashine nyingi za miaka ya 1970 ni MJ15024 na MJ15025, au MJ21194 na MJ21193, zote za volti 250 na ampea 16. Usikubali mtu akuwekee 2N3055 kwa sababu inafanana kwa umbo. Hiyo inavumilia volti 60. Kwenye mashine yenye reli za volti 70 chanya na 70 hasi, transista moja hukutana na karibu volti 140 kila wimbi linapofika ukingoni.

Kama ni zile transista adimu ziitwazo V-FET, tulia. Yamaha B-1 hutumia 2SK77, Sony TA-8650 hutumia 2SK60 na 2SJ18. Hazitengenezwi tena na hazina mbadala wa kuchomeka moja kwa moja. Mashine kama hiyo ikiwa na chaneli iliyokufa inunuliwe kwa bei ya spea, kwa mtu mwenye nyingine ya kuihudumia. Vivyo hivyo transfoma. Ikiwa imechomolewa, washa swichi ya mashine kisha pima omu kati ya pini mbili za plagi. Omu chache au chini yake ni uhai. Mita ikionyesha hakuna njia na fyuzi ni nzima, kuna uwezekano koili imekatika, na kusuka upya transfoma ya kilo 15 ni gharama inayoweza kuzidi bei ya mashine.

Ukiinunua, kabla ya kuingiza mkono ondoa umeme uliobaki kwenye kapasita. Tumia rezista ya omu 470, wati 10, iliyofungiwa waya zenye vibano, uiweke kwenye kila kapasita kubwa kwa dakika moja, kisha hakikisha kwa mita kwamba volti zimeshuka chini ya 1. Kugonganisha kwa bisibisi kunatoa cheche inayong'oa chuma na kuumiza kapasita.

Kupima transista, mita iwe kwenye alama ya diodi, mguso mmoja kwenye kofia ya chuma na mwingine kwenye mguu wa emita. Ikilia au ikaonyesha karibu sifuri, kuna shoti. Kumbuka kwamba zilizofungwa sambamba hushirikiana njia, kwa hiyo moja ikipiga shoti zote za upande huo zitaonekana mbovu. Zitoe ubaoni ndipo uhukumu.

Wanaoanza huungulia hapa: wanabadilisha transista za mwisho peke yake, wanawasha, zinaungua tena ndani ya sekunde moja. Shoti haifi peke yake. Pima transista zinazozisukuma zile za mwisho, rezista za emita za omu 0.22 au 0.33 (moja iliyokatika inawatupia mzigo wenzake), rezista za besi (mguu wa transista unaopokea ishara), na hasa saketi ya bayasi. Ile skrubu ndogo ya kurekebishia bayasi ikipoteza mguso wake, katika miundo mingi bayasi hupanda mpaka mwisho na transista huchemka zenyewe bila hata muziki. Badilisha kifaa hicho kidogo kila unapofungua. Kirudishe kwenye kiwango cha chini kabisa kabla ya kuwasha, washa kwa balbu, halafu pandisha taratibu mpaka namba ya kitabu cha fundi. Kwa mfano milivolti 10 kwenye rezista ya omu 0.33 ni milliampea 30. Kila transista iwe na kijikaratasi chake cha maika na mafuta meupe ya joto pande zote mbili.

Na nunua transista kwa msambazaji anayetambuliwa na kiwanda. Za bandia zimejaa sokoni: kofia ni ileile, maandishi ni yaleyale, ndani kipande cha silikoni ni kidogo kama punje ya mchele. Zinapita majaribio ya mita na zinakufa mara ya kwanza unapopandisha sauti.

Phase Linear 700 na wufa zilizoungua

*Nilisikia mashine hii huunguza spika. Nimepewa kwa bei nzuri. Niogope?*

Uiheshimu. Phase Linear 700 ya Bob Carver ilitoa wati 350 kwa chaneli mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo amplifaya nyingi za nyumbani hazikufika hata 100. Reli zake zinakaribia volti 100 kila upande, na haina relei ya kulinda spika. Transista moja ikipiga shoti, zile volti 100 za DC zinaenda moja kwa moja kwenye koili ya wufa, spika ya sauti nzito. Koili yenye ukinzani wa omu 6 hupokea zaidi ya wati 1,600 mpaka fyuzi ikatike, na koili huungua kwanza.

Dawa ni kuongeza ubao wa ulinzi kwa kila chaneli. Angalizo: relei ya kawaida imeandikwa volti 30 za DC. Ikijaribu kukata volti 100, umeme unaruka kati ya viungo vyake kama cheche ya kulehemu, na spika inaendelea kuungua relei ikiwa wazi. Ifunge kwa namna ambayo inapoachia, waya wa spika unaguswa na ardhi, au tumia ubao unaokata kwa MOSFET (transista zinazotumika kama swichi). Usitoboe sanduku wala usikate waya za kiwandani. Anayekuja kuinunua baadaye atalipa zaidi akijua ubao wako unaweza kutolewa kwa bisibisi.

Nibadilishe kapasita zote kabla ya kuuza?

*Kila ninayemuuliza ananiambia mashine "iliyobadilishwa kapasita" inauzika haraka. Yangu ina miaka 45 na inalia vizuri.*

Kwa kawaida, hapana. Gharama ya kazi hiyo hairudi yote, na mnunuzi makini huogopa zaidi mkono asioujua kuliko kapasita ya kiwandani iliyo hai. Pima badala ya kubahatisha. Mashine ikiwa imewashwa bila muziki, weka mita kwenye volti za AC, upime kati ya reli na ardhi. Kwa mashine inayovuta ampea 0.2 ikiwa imetulia, yenye kapasita za maikrofaradi 10,000, kwenye umeme wa hezi 50, mtikisiko wote ni karibu volti 0.2 kutoka kilele hadi bonde, na mita itasoma chini ya hapo. Ukisoma volti 1 au zaidi, kapasita zimekauka na hapo badilisha. Reli zina volti za kuua. Tumia mkono mmoja, mwingine uweke mfukoni.

Kinachostahili pesa yako kabla ya kuuza ni kidogo: relei ya spika, skrubu za bayasi, na zile rezista za fyuzi (zinazojikata zikizidiwa) za mashine za Kijapani ambazo ukinzani wake hupanda kwa uzee. Yenye alama ya omu 47 ikisoma 70, itoe. Vipande vyote ulivyovitoa vitie kwenye mfuko, uvikabidhi pamoja na mashine. Risiti za vipya nazo.

Bamba la mbele usilipake rangi wala usilisugue kwa dawa ya vioo. Maandishi yake huondoka na kitambaa. Maji vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, na kukausha papo hapo, basi.

Tangazo liandikweje?

*Naona watu wanaandika "inafanya kazi asilimia mia" na bado hawauzi.*

Kwa sababu maneno hayo hayasemi kitu. Linganisha na hili:

"Amplifaya ya chaneli mbili, wati 200 kwa chaneli, omu 8. Volti 230, hezi 50. Baada ya dakika 30: DC kushoto milivolti 12, kulia 19. Kwenye mzigo wa omu 8, chaneli zote mbili, hezi 1,000, volti 41 kabla wimbi halijakatika. Kapasita kubwa na transista zote ni za kiwandani. Relei ni mpya. Taa ya mita ya kulia haiwaki. Mkwaruzo wa sentimita 4 chini ya volyumu, picha ya 6."

Volti 41 zikizidishwa kwa zenyewe na kugawanywa kwa 8 ni wati 210. Mnunuzi anapiga hesabu mwenyewe na anaona hujadanganya. Kipimo hicho hufanywa kwa rezista za omu 8 za wati 200 au zaidi zilizofungwa kwenye kipande kikubwa cha alumini, na oskiloskopu ya kuona wimbi linapoanza kukatwa kichwa. Huna? Fundi mwenye vifaa hukumalizia kwa saa moja.

Picha ziwe za mbele, nyuma, namba ya mashine, ndani kutoka juu, chini, na kila kasoro kwa karibu, mwanga ukitokea upande mmoja ili mikwaruzo ionekane. Kuficha kasoro kunakurudishia mzigo kwa gharama yako. Kuhusu bei, angalia mashine kama hiyo zilizouzwa kweli, si zinazosubiri mnunuzi. Iliyokaa miezi sita kwa bei fulani inakuonyesha tu bei ambayo hakuna aliyekubali kuilipa.

Kusafirisha kilo 58

*Nimeuza McIntosh MC2300. Mnunuzi yuko mbali. Katoni ya televisheni inatosha?*

Haitoshi, na kwa mashine hii hasa. MC2300 ina transfoma ya umeme pamoja na transfoma mbili za kutolea sauti, na uzito wake ni karibu kilo 58. Katoni ikianguka kwa pembe kutoka kimo cha meza, chuma kinaendelea na safari wakati sanduku limesimama: miguu ya transfoma inapinda, bamba la kioo la mbele linapasuka.

Tengeneza kreti ya mbao. Kaza kwanza boliti zote za transfoma. Ivike mashine mfuko wa plastiki. Zunguka pande sita kwa sponji ngumu ya unene wa sentimita 5 au zaidi, ile isiyobonyea kwa kidole. Vipande vyepesi vya povu vya kumwaga havifai, kwa sababu chombo kizito huzama kupitia humo mpaka kikagusa sakafu katikati ya safari. Vishikio na vitufe visiguse mbao: kata tundu kwenye sponji ili uzito ubebwe na fremu, si na vitufe. Chini ya kreti weka vipande viwili vya mbao vya kuingizia meno ya foklifti, maana mzigo unaoinuliwa kwa mashine hautupwi kwa mikono. Funga kifuniko kwa skrubu, usipige misumari: mnunuzi akifungua kwa nyundo anaitikisa mara ya pili.

Piga picha za kila hatua ya kufunga na umtumie mnunuzi. Andika karatasi uibandike juu ya mashine yenyewe, ndani ya mfuko: ikitoka kwenye baridi ikae saa 12 ikiwa imefungwa kwenye plastiki ili unyevu usigande ndani, akague boliti za transfoma, halafu aiwashe kwa balbu kabla ya kuichomeka ukutani. Kwa mashine ya ukubwa huu balbu iwe ya wati 150 au 200.